UZI: "Profesa wetu wa baiolojia atafundisha anatomia." Tuichambue hoja hii ya Sori

1/ Kuna hoja imezunguka sana kwenye mijadala ya siasa huku ziwani, na kila nikiisikia naona watu wanagombana kabla ya kukubaliana wanagombania nini. Leo tuichambue polepole. Sitataja mwanasiasa wala chama. Kama una mtu wako, mweke kando dakika kumi tu, utamrudia.

2/ Hoja yenyewe iko hivi. Kampeni zikikaribia, lazima mtu apande jukwaani Sori aahidi chuo cha mafunzo ya afya. "Majengo tutajenga. Walimu si shida, tuna vijana wetu maprofesa wa baiolojia vyuo vikuu, watakuja kufundisha anatomia na fisiolojia." Watu wanapiga makofi.

3/ Kisha anapanda mpinzani wake: "Profesa wa samaki atafundisha mwili wa binadamu? Mtatuulia watu!" Umati unacheka, mjadala unaishia hapo, tunarudi nyumbani na kofia na tisheti. Lakini bana, swali lenyewe halijajibiwa. Mtu wa baiolojia anaweza kufundisha haya masomo, ama hawezi?

4/ Kwanza kwa nini tusilichukulie kama mzaha. Karibu na kwetu kuna mtoto anayechechemea. Alikuwa anatembea vizuri. Alipata malaria, akapelekwa mahali akadungwa sindano kwenye makalio, na tangu siku hiyo mguu mmoja haukurudi sawa. Sitasema ni wapi, na mimi si daktari wa kutoa hukumu. Ila kinachoweza kusababisha hilo kinajulikana.

5/ Ndani ya makalio inapita neva nene kuliko zote mwilini, neva ya siatiki. Inatoka chini ya mgongo, inapita nyuma ya nyonga, inashuka mguuni. Sindano ikiingia mahali pabaya inaweza kuiumiza na mguu ukalegea. Ndiyo maana muuguzi hufundishwa kugawa kalio sehemu nne akilini na kudunga robo ya juu ya upande wa nje. Mtoto mdogo hudungwa pajani, upande wa nje.

6/ Na si kisa cha boma moja. Uganda mashariki, hasa eneo la Kumi, madaktari waliandika kuhusu watoto wengi waliobaki na misuli ya makalio iliyokakamaa, na wengine na miguu iliyopooza, baada ya kudungwa sindano. Kwinini ilitajwa sana. Kwa hivyo tukiuliza nani anafundisha anatomia, tunauliza pia nani atamdunga mtoto wako miaka mitatu ijayo.

7/ Sasa tutenganishe maneno, maana jukwaani yanachanganywa. Anatomia ni kujua kitu kiko wapi na kimeungana na nini: mfupa, msuli, mshipa, neva. Fisiolojia ni kujua kinafanyaje kazi: moyo unasukuma damu vipi, figo inachuja vipi, mapafu yanapeleka hewa wapi. Mwanafunzi wa uuguzi hukutana na yote mawili mwanzoni kabisa, mwaka wa kwanza. Akikosea hapo, mengine yote anajenga juu ya mchanga.

8/ Na "profesa wa baiolojia" ni nani? Hapo pia tunadanganyana. Baiolojia ni pana. Kuna aliyebobea kwenye mimea. Kuna wa wadudu, wa samaki, wa jeni, wa vimelea, na kuna aliyesomea fisiolojia ya wanyama maisha yake yote. Cheo cha profesa kinakuambia amepanda ngazi mpaka juu. Hakikuambii alipanda ngazi ya nyumba gani.

9/ Tumtetee kidogo, maana anachekwa bure. Chukua seli mundu, ambayo huku kwetu Nyanza tunaijua kwa machozi. Kwa nini baba na mama wote wanaonekana wazima na mtoto anaugua? Kwa sababu kila mmoja wao amebeba jeni moja, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili. Mtu wa jeni anaweza kulifundisha hili darasani vizuri sana.

10/ Ama kichocho. Anayeingia maji ya ziwa kuosha vyombo ama kuvuta nyavu anajua habari yake. Mdudu wa kichocho lazima akae kwanza ndani ya konokono wa majini ndipo atoke kumwingia mtu kupitia ngozi. Kama kuna profesa aliyetumia miaka 20 kuhesabu konokono wa ziwa hili, nani mwingine unataka amfundishe afisa wa afya wa Sori?

11/ Kuna kitu pia wengi wetu tuliozaliwa hapa hatujaambiwa. Udongo wetu wa Karungu una mifupa ya mamilioni ya miaka. Mwaka 1911 mtaalamu wa makumbusho ya London, C. W. Andrews, alieleza kwa maandishi mnyama wa jamii ya tembo, Deinotherium, kutokana na mabaki yaliyotoka hapa Karungu. Hakuwa akitibu wagonjwa. Alikuwa mtu wa visukuku, anayesoma mifupa na kulinganisha taya na taya, jino na jino. Kwa hivyo anayesema mtu wa wanyama hajui anatomia, amekosea. Anatomia anaijua, ila si lazima iwe ile ya wodini.

12/ Duniani nako si jambo geni. Marekani, vijana wengi wanaotaka uuguzi huanza na kozi ya anatomia na fisiolojia kwenye vyuo vya jamii, na mara nyingi anayefundisha ni mwalimu wa idara ya baiolojia. Hata kwenye shule za udaktari, fisiolojia na baiokemia hufundishwa pia na watu wenye PhD ambao hawajawahi kuandika dawa ya mgonjwa. Haijawa kashfa.

13/ Basi mpinzani amekosea kabisa? Hapana, subiri. Kule kozi hiyo ni hatua ya kwanza tu. Baadaye mwanafunzi anakabidhiwa kwa wauguzi walimu, anaingia hospitalini, na yale ya kitabuni yanafundishwa tena mbele ya mgonjwa. Ukichukua nusu ya mpango huo ukaacha nusu ya pili, umechukua kikombe bila chai.

14/ Nilimuuliza sista mmoja mstaafu, aliyezalisha akina mama miaka mingi. Nikamwambia, "Sista, profesa wa wanyama angekufundisha ungekubali?" Akanijibu, "Wuoda, angenifundisha moyo unavyopiga ningemshukuru. Lakini nyonga ya mama nilifundishwa na mkunga. Vidole vyangu vikiwa ndani, na yeye kando yangu akiniuliza: unagusa nini sasa?"

15/ Hapo ndipo tofauti ilipo. Kuna anatomia ya kuchora na kutaja majina, na kuna anatomia ya mkono: kutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji, kupitisha mpira wa mkojo bila kuchana njia, kujua kichwa cha mtoto kimegeuka upande gani. Hiyo ya pili hufundishwa na mtu aliyeifanya kwa watu, akakosea kidogo mbele ya mwalimu wake, akarekebishwa.

16/ Kuna jambo jingine halisemwi jukwaani kwa sababu ni zito: maiti. Shule za udaktari hufundisha kwa kupasua maiti, na Kenya tuna sheria yake, Sheria ya Anatomia, Sura ya 249. Miili isiyodaiwa na jamaa imekuwa ikitumika kwa mafunzo. Sasa fikiria hilo kwa Wajaluo. Mtu akizama ziwani tunamtafuta mpaka apatikane. Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno ilifika Mahakama ya Rufaa mwaka 1987, na nchi nzima ikafuatilia.

17/ Vyuo vya diploma kwa kawaida hutegemea kiunzi cha mifupa, mifano ya plastiki, chati na mazoezi ya hospitalini. Ni sawa kwa kiwango chao. Lakini vitu hivyo hununuliwa, huvunjika, hununuliwa tena. Ahadi ya chuo isiyotaja maabara ni ahadi ya darasa lenye ubao. Profesa hata awe hodari vipi, hawezi kufundisha nyonga kwa chaki.

18/ Tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wanasiasa wanatuzungusha. Nani ana ruhusa ya kusema huyu afundishe? Si mbunge, si gavana, si MCA. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti ilipewa chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na hospitali na zahanati za kaunti. MCA anayekuahidi profesa anakuahidi ugali wa jiko la jirani.

19/ KMTC ilianza 1927, ina sheria yake, na iko chini ya Wizara ya Afya. Ina kampasi zaidi ya 70 nchini. Migori iko, Homa Bay iko. Vyuo vikuu viko chini ya Wizara ya Elimu na vinasimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Hizi ni nyumba mbili tofauti. Profesa ameajiriwa nyumba moja, chuo mnachoahidiwa kiko nyumba ya pili.

20/ Halafu kuna mabaraza ya taaluma. Baraza la Wauguzi ndilo huidhinisha chuo kufundisha wauguzi, na mwisho wa masomo mwanafunzi hufanya mtihani wa baraza ili apate leseni. Maafisa wa kliniki wana baraza lao. Mabaraza huangalia walimu ni nani, maabara ikoje, na hospitali ya kufanyia mazoezi iko wapi. Chuo kikikosa idhini, mtoto wako anaweza kusoma miaka mitatu, kisha akabaki na cheti cha kutundika ukutani.

21/ Msisahau vuta nikuvute ya muda mrefu kati ya CUE na mabaraza haya. CUE husema kuidhinisha kozi za vyuo vikuu ni kazi yake. Mabaraza husema huwezi kunitaka nimpe mtu leseni na sijui alifundishwa na nani. Mkiwasikia wabunge wanabishana kuhusu "nani mwenye mamlaka juu ya kozi", ndiyo hii. Inasikika kama mambo ya makaratasi, lakini ndani yake kuna yule mtoto anayechechemea.

22/ Na PhD je? Mwaka 2014 CUE ilitoa mwongozo uliotaka mhadhiri wa chuo kikuu awe na PhD. Wengine wameuchukua wakadhani PhD inafungua kila mlango. Mwongozo ule ni wa vyuo vikuu. Kwa chuo cha diploma cha wauguzi, muuguzi mwenye shahada, uzoefu wa wodi na mafunzo ya ualimu anaweza kuwa wa maana zaidi darasani kuliko PhD ya miti. Si kwamba ana akili zaidi, ni kwamba kazi ni tofauti.

23/ Sasa pesa. Hapa nitasema polepole. Majengo mengi ya kampasi za KMTC yamejengwa kwa msaada wa NG-CDF. Sawa, shukrani. Lakini mfuko ule ni wa miradi: ukuta, paa, dawati. Mshahara wa mhadhiri hauko humo. Ukuta unalipiwa mara moja na una siku ya kukata utepe. Mwalimu analipwa kila mwezi, na hakuna mwanasiasa amewahi kuitwa kukata utepe wa mshahara.

24/ Na hao maprofesa mnaosema watakuja, hali yao mnaijua? Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Pesa za mkataba uliokuwa umekwisha muda! Wahadhiri wa muda nao, wale wanaolipwa kwa saa, kilio chao cha malimbikizo kila mtu anakijua. Profesa anayedai mwajiri wake wa kwanza, utamwambia aje Sori kwa ahadi ya mwajiri wa pili?

25/ Jioneshe na safari yenyewe. Chuo kikuu kilicho karibu nasi ni Rongo, na upande wa Homa Bay kuna Tom Mboya. Profesa anafundisha huko Jumatatu hadi Alhamisi. Atashuka mpaka huku ziwani Ijumaa, afundishe moyo na mapafu mpaka jioni, arudi. Mvua ikinyesha? Semina ikiitishwa? Mwanafunzi aliyekwama kwenye neva za mkono Jumanne atamuuliza nani?

26/ Nikubali pia upande wa pili, ili nisiwe kama wale wa jukwaani. Kungoja mpaka tupate mtu mkamilifu nako kuna gharama. Msichana wa Sori aliyepata C ya KCSE na anataka uuguzi inabidi aende kupanga mbali, na kodi inamshinda mzazi anayeuza omena. Tukisema "hakuna mwalimu kamili, basi hakuna chuo", tumemfungia yeye mlango, na zahanati zetu zitabaki na wauguzi wachache vilevile.

27/ Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mwajirini mtu wa baiolojia, lakini kwa sehemu yake: seli, damu, jeni, vimelea, fisiolojia ya msingi. Kisha awepo muuguzi, mkunga ama afisa wa kliniki aliyesomea kufundisha, abebe anatomia na mazoezi ya mikono. Wapange silabasi pamoja. Wiki profesa anaeleza neva inavyopeleka ujumbe, wiki hiyohiyo muuguzi aoneshe neva ya siatiki iko wapi na sindano isiende wapi.

28/ Tusiende mbali kutafuta mahali pa mazoezi. Hapa Karungu tuna hospitali ya misheni ya St. Camillus inayojulikana mpaka nje ya kaunti, na kuna vituo vya serikali. Lakini hospitali haigeuki darasa kwa kutajwa kwenye mkutano. Kunatakiwa mkataba, idadi ya wanafunzi kwa kila muuguzi anayewasimamia, na mgonjwa aulizwe kama anakubali kuguswa na mwanafunzi. Huyo mgonjwa ni mama yako.

29/ Sasa wakija tena, msiulize "chuo kitafunguliwa lini?" Tarehe wanazo nyingi mifukoni. Waulizeni haya:
– Baraza gani limekubali chuo hiki, na barua iko wapi?
– Walimu wangapi ni wa kudumu, na wangapi ni wa muda?
– Huyo profesa amebobea kwenye nini hasa?
– Nani atafundisha mazoezi ya mikono, na katika hospitali gani?
– Mshahara wao uko bajeti ya nani, kuanzia mwaka gani?

30/ Akijibu mawili vizuri na matatu akasema "tunashughulikia", huyo ni mkweli kiasi, mpeni muda. Akijibu yote kwa wimbo na densi, chezeni naye, kisha mwende nyumbani mkijua hajajibu. Na yule anayecheka "profesa wa samaki", mwulizeni vilevile: wewe utamleta nani, na utamlipa na nini? Kumcheka mwalimu wa mwenzako si sera.

31/ Jana jioni nilimwona yule mtoto njiani akitoka shule, mfuko mgongoni, anavuta mguu akiwafuata wenzake. Aliniambia akimaliza shule anataka kuwa daktari wa sindano. Nikamwambia vizuri, soma. Sikumwambia kwamba bado tunabishana nani atamfundisha.

32/ Uzi umeisha. Kama kuna mahali nimekosea kwenye sheria, nirekebishe na kifungu mkononi, nitashukuru. Matusi sitajibu. Wiki ijayo tutachambua ahadi ya kiwanda cha samaki: maji, stima na barafu vitatoka wapi.